Skana ya Kazi za Sanaa Inapochakaa: Namna ya Kupata Nyingine kwa Bajeti Ndogo Kibiti na Delta ya Rufiji

Delta ya Mto Rufiji, ambayo sehemu yake kubwa imo katika Wilaya ya Kibiti, Mkoa wa Pwani, inafahamika zaidi kwa mikoko yake inayokadiriwa kufikia hekta 53,000, na tangu mwaka 2004 imo ndani ya eneo la ardhioevu la Rufiji, Mafia na Kilwa lililoorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar. Sanaa ya delta hiyo huandikwa kwa nadra. Wanawake wa Rufiji wamesuka mikeka ya ukindu kwa vizazi vingi, wakitia rangi miyaa, wakisuka ukili mrefu na kuushona mzunguko kwa mzunguko hadi urembo utokeze. Mkeka huo hutumika: hulaliwa, huswaliwa, huanikiwa mpunga, na baada ya miaka michache huchakaa. Urembo wake ukiwa haukunakiliwa mahali, hubaki katika kumbukumbu ya msusi peke yake.

Mafuriko ya Aprili 2024 yaliyozikumba wilaya za Rufiji na Kibiti yalionyesha kwamba hata vitu vilivyotunzwa ndani ya nyumba haviko salama. Maji yanapoingia, daftari la michoro la mwanafunzi, picha iliyochorwa kwenye karatasi na mkeka uliowekwa kwa ajili ya arusi huharibika kwa pamoja. Kwa sababu hiyo kunakili kazi za sanaa kwa njia ya kidijitali katika eneo hili ni kinga, kwani nakala iliyohifadhiwa mahali pengine huweza kuwa ndiyo pekee itakayobaki.

Kazi hiyo kwa kawaida hutegemea kifaa kimoja, yaani skana ya mezani yenye kioo na mfuniko. Skana hiyo inapochakaa, uamuzi wa haraka huwa ni kwenda Kariakoo kununua nyingine yoyote yenye bei nafuu. Uamuzi huo mara nyingi hugharimu zaidi ya fedha zilizookolewa, kwa sababu skana za bei ya chini zinazopatikana kwa wingi leo zimetengenezwa kwa ajili ya barua na vyeti. Mkeka na mbao iliyopakwa rangi zina unene, na unene huo ndio unaoamua kifaa kipi kinafaa.

Kabla ya kununua chochote, ni vyema kubaini ni sehemu gani ya skana ya zamani iliyokufa, kwani dalili hujieleza. Mstari mwembamba unaokwenda urefu wote wa picha kufuata mwendo wa kichwa cha skana husababishwa na uchafu uliotulia juu ya kioo, kwenye vioo vidogo vya ndani au kwenye utepe mweupe ambao mashine huusoma kabla ya kuanza kazi. Hilo ni tatizo la kusafisha, na gharama yake ni kitambaa laini na uangalifu. Mawimbi yanayokata picha kwa upana yanaonyesha kwamba mkanda au mota inasita njiani. Picha inayozidi kuwa hafifu au ya manjano inaashiria taa iliyozeeka. Mashine isiyowaka kabisa pengine ina adapta mbovu tu, na adapta hubadilishwa, mradi volti na amperi zilizoandikwa kwenye ile ya awali zifuatwe. Adapta ya volti 24 iliyochomekwa kwenye skana ya volti 12 huweza kuiunguza papo hapo.

Ipo pia skana ambayo ni nzima lakini kompyuta mpya haiitambui. Watengenezaji huacha kutoa programu za kuendeshea mashine zao za zamani, na mwenye mashine akabaki na kifaa kinachofanya kazi asichoweza kukitumia. Skana nyingi za aina hiyo hufufuliwa kwa mfumo huria wa Linux, ambao hutumia programu ya bure iitwayo SANE, au kwa programu ya kulipia ya VueScan ya kampuni ya Hamrick ya Marekani, inayotambua maelfu ya skana za zamani. Kompyuta mpakato iliyochoka, ambayo ofisi imeiweka kabatini, inatosha kabisa kuwekewa Linux na kufanywa kompyuta ya skana peke yake.

Jambo moja linawahusu hasa watu wa visiwani na vijiji vya delta kama vile vya kata za Salale, Kiongoroni, Maparoni na Msala, ambako vifaa husafirishwa kwa boti. Skana nyingi zenye taa na vioo ndani zina kitasa kidogo chini au ubavuni kinachofunga kichwa kisitembee wakati wa safari. Kitasa kisipofungwa, mawimbi hukipiga kichwa hadi reli ikapinda. Kisipofunguliwa baada ya kufika, mashine huunguruma bila kusogea na mtumiaji huamini imekufa. Skana kadhaa zimetupwa kwa kosa hilo dogo, nchini na kwingineko duniani.

Endapo imethibitika kwamba mashine haifai tena, linafuata swali la aina ya skana. Zipo mbili. Aina ya kwanza hutumia taa, vioo na lenzi kupeleka picha kwenye kihisi kidogo. Kifupi chake katika maelezo ya bidhaa ni CCD. Aina ya pili, CIS, ina safu ya vihisi yenye upana wa ukurasa, inayotembea karibu kabisa na kioo na kumulika kwa taa ndogo nyekundu, kijani na bluu. Aina hii ya pili ni nyembamba, nyepesi, ya bei ndogo, na nyingi hupata umeme kupitia waya wa USB tu, takriban wati 2.5, kiasi ambacho kompyuta mpakato inayochajiwa kwa sola humudu bila shida. Kwa kijiji kisicho na umeme wa uhakika, sifa hiyo inavutia sana.

Upungufu wake ni kwamba huona vizuri kile tu kilichogusa kioo. Kitu kikiinuka milimita moja au mbili, ukali wa picha huanza kupotea. Karatasi iliyonyooka haina tatizo, lakini mkeka ni mabonde na vilima: mwaa mmoja hupita juu ya mwingine, na mshono wa ukili huinuka zaidi. Skana ya CIS itaonyesha vilele vya msuko kwa ukali na kuyaacha mabonde katika ukungu. Rangi nazo huathirika. Kwa kuwa taa zake hutoa rangi tatu finyu, baadhi ya rangi za kutia miyaa na kalamu za rangi za wanafunzi hutoka tofauti na jicho linavyoziona. Skana ya CCD huvumilia unene wa milimita kadhaa na huzisoma rangi kwa uaminifu zaidi, ingawa ni nzito, hula umeme mwingi na huhitaji adapta.

Ushauri unaofuata kutokana na hayo ni wa wazi. Shule au kikundi kinachonakili michoro ya karatasi pekee kinaweza kununua CIS mpya bila wasiwasi. Kinachonakili mikeka, vitambaa vilivyotariziwa au kazi zilizobandikwa vitu juu yake kitafute CCD, hata ikiwa ni iliyotumika. Skana iliyotumika ya aina nzuri mara nyingi hupatikana kwa bei inayokaribiana na mpya ya aina hafifu. Mnunuzi aombe iwashwe mbele yake, aweke karatasi nyeupe tupu na kuichukua picha kwa nukta 600 kwa inchi, kisha aikuze katika kioo cha kompyuta, kwani mistari, mawimbi na madoa huonekana hapo. Aangalie pia upande wa ndani wa kioo kwa tochi. Ukungu mwembamba ni jambo la kawaida kwa mashine zilizokaa pwani, na bei inapaswa kushuka kwa sababu yake. Risiti ya EFD idaiwe hata kwa kifaa kilichotumika pale muuzaji anapokuwa mfanyabiashara aliyesajiliwa kutoa risiti hizo.

Kuhusu wingi wa nukta, matangazo ya skana hutaja namba kubwa zisizo na faida kwa kazi hii. Ukurasa wa A4 kwa nukta 300 kwa inchi una pikseli 2,480 kwa 3,508, na ukihifadhiwa bila kubanwa ni takriban megabaiti 26. Kwa nukta 600 huwa megabaiti 104. Mchoro wa penseli au wa rangi za maji unahifadhika vema kwa nukta 300 hadi 400. Nukta 600 zinahalalika kwa msuko wa karibu ambao mtu atataka kuhesabu miyaa yake. Zaidi ya hapo ni kujaza diski bure. Miongozo ya FADGI inayotumiwa na taasisi za serikali ya Marekani, ambayo hupanga ubora kwa nyota 1 hadi 4, inatilia mkazo usahihi wa rangi na ukali wa picha sambamba na idadi ya nukta.

Mkeka mzima haulali juu ya skana yoyote ya mezani, na hauna haja ya kulala. Urembo wa ukili hujirudia. Inatosha kuchagua kipande kimoja kinachobeba mzunguko kamili wa urembo, kukiskani pande zote mbili kwa nukta 600 pamoja na rula pembeni, kisha kuupiga picha mkeka wote kwa kamera kutoka juu. Picha ya kamera huonyesha mpangilio, na picha ya skana huonyesha namna ulivyosukwa, hivyo msusi atakayeziona miaka 30 baadaye anaweza kuusuka tena. Mkeka ukung'utwe na kupigwa brashi kwanza, kwa kuwa punje moja ya mchanga inatosha kuchora kioo. Karatasi ngumu ya plastiki inayopitisha mwanga, ikitandazwa juu ya kioo, hugharimu kidogo sana kuliko kioo kipya.

Picha za mtindo wa Tingatinga zina ugumu wa namna nyingine. Edward Said Tingatinga, aliyeanza kuchora jijini Dar es Salaam mwaka 1968 na kufariki mwaka 1972, alitumia rangi za mafuta zenye kung'aa juu ya vipande vya ubao mgumu, na wachoraji waliomfuata wameendelea na ukubwa uliozoeleka wa sentimita 60 kwa 60. Ubao huo kwenye skana ya A4 unahitaji kuchukuliwa vipande kati ya 9 na 12 na kuunganishwa kwa programu. Kwenye skana ya A3, vipande 6. Tena, fremu ya skana nyingi imeinuka kuliko kioo, hivyo ubao mpana hukaa juu ya fremu na kuning'inia. Kwa skana ya CIS kazi hiyo haifai kabisa. Kwa CCD inawezekana, ila mchoraji mwenye mbao 40 za kunakili atapoteza siku nyingi.

Hapo ndipo kamera inapoingia, na kwa hakika taasisi kubwa zilikwisha kuelekea huko. Hati za kale za Msikiti wa Riyadha, Lamu, zilinakiliwa kidijitali kupitia Programu ya Nyaraka Zilizo Hatarini ya Maktaba ya Uingereza, programu iliyoanzishwa mwaka 2004. Kitabu cha kale kilichoshonwa hakilazwi kifudifudi juu ya kioo bila kuumizwa mgongo, na kamera haikigusi. Kwa kikundi cha Kibiti swali ni iwapo simu janja iliyopo inatosha. Hesabu hujibu. Simu ya megapikseli 12 hutoa picha ya pikseli 4,000 kwa 3,000. Ikijaza karatasi ya A4 vizuri, hiyo ni takriban nukta 340 kwa inchi, kiwango kinachoweza kufaa kwa michoro ya wanafunzi. Ikipiga ubao wa sentimita 60, hushuka hadi nukta 127 kwa inchi hivi, zinazotosha kuonyesha kazi mtandaoni na zisizotosha kuichapa kwa ukubwa wake. Ubao ukipigwa kwa robo nne zinazopishana kidogo, kiwango hicho hukaribia maradufu.

Mwanga ndio unaoharibu au kuokoa picha ya kamera. Taa mbili zinazofanana, kila moja upande wake kwa pembe ya nyuzi 45, huondoa sehemu kubwa ya mng'ao wa rangi ya mafuta, na kitambaa cheusi nyuma ya kamera huzuia ubao kuakisi chumba. Pasipo taa, kivuli kipana cha baraza wakati wa mchana ni bora kuliko jua la moja kwa moja. Simu ifungwe kwenye stendi, hata ya mbao iliyotengenezwa na fundi seremala wa mtaani, ikitazama kazi wima kabisa. Kadi ya kijivu na rula ziingie pembeni mwa picha ya kwanza ya kila kundi, ili atakayefungua faili baadaye ajue rangi na kipimo halisi.

Kwa wenye kazi chache kuna njia ya tatu. Tuchukue mfano wa hesabu tu: shule ina michoro 80, na duka la steshenari mjini Kibiti likatoza shilingi 500 kwa ukurasa. Gharama ni shilingi 40,000. Skana ya shilingi 250,000 italipa gharama yake baada ya kurasa 500. Shule isiyotarajia kufikia kurasa hizo haina sababu ya kumiliki skana, ilimradi iwaeleze wahudumu wa duka kwamba inataka nukta 300 kwa rangi na faili za TIFF au JPEG ya ubora wa juu. Mazoea ya steshenari ni kutoa PDF iliyobanwa kwa ajili ya barua pepe, ambayo huharibu rangi.

Fedha zenyewe zina njia zake. Halmashauri na shule za umma hufanya ununuzi kwa kufuata Sheria ya Ununuzi wa Umma Na. 10 ya mwaka 2023 kupitia mfumo wa NeST, na hapa maelezo ya mahitaji ndiyo yanayoamua. Ofisi ikiandika "skana ya A4" pekee, italetewa ya barua. Iandike aina ya kihisi, ukubwa wa kioo, kiwango cha nukta, uwezo wa kutoa TIFF, na mifumo ya kompyuta ambayo programu ya skana inafanya nayo kazi. Vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu vinaweza kuomba mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, inayogawanywa asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mkopo huo ni wa shughuli ya uzalishaji na lazima urejeshwe, kwa hiyo kikundi cha wasusi kinachoombea skana pekee kitapata shida kueleza marejesho. Skana ikiwa sehemu ndogo ya mpango wa kuuza mikeka kwa picha, maombi huwa na mantiki.

Faida ya nakala bora inaonekana pia katika haki. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 humlinda msanii katika uhai wake na miaka 50 baada ya kifo chake, na Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, COSOTA, husajili kazi za wabunifu. Msanii anayedai kwamba urembo wake umechapwa kwenye kitambaa bila idhini anahitaji kuonyesha kazi yake ilivyokuwa na tangu lini. Faili yenye jina la aliyeisuka au kuichora, kijiji, tarehe, vipimo na jina la urembo kama linavyotamkwa na wenyewe ina nguvu kuliko picha nzuri isiyo na maelezo. Maelezo hayo yaandikwe siku ileile, kwenye daftari na kwenye jina la faili.

Nakala zihifadhiwe tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, na moja ikae nje ya eneo la kazi. Kwa vijiji vya delta, nje maana yake ni nje ya bonde la mafuriko: diski moja mjini Kibiti au Dar es Salaam, au hifadhi ya mtandaoni pale intaneti inaporuhusu. Diski iliyomo kabatini pamoja na skana haihesabiwi.

Skana mpya, au iliyotumika, itadumu zaidi pwani ikifunikwa kila baada ya kazi na kuwekwa ndani ya sanduku la plastiki linaloziba, pamoja na vifuko vya silika vya kunyonya unyevu ambavyo hukaushwa au kubadilishwa vinapojaa. Hewa ya chumvi hula reli na viunganishi vya waya kabla ya kitu kingine chochote.

Ile ya zamani isitupwe jalalani wala kuchomwa moto. Taa za skana nyingi za CCD za miaka ya nyuma zina zebaki, na taka za kielektroniki zina kanuni zake za mwaka 2021 chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira. Zikabidhiwe kwa wakusanyaji wenye kibali. Skana iliyo mali ya ofisi ya umma sharti kwanza ifutwe katika daftari la mali kwa utaratibu wa uondoshaji. Iliyo ya mtu binafsi au kikundi inaweza kufunguliwa na fundi akatoa kioo chake kabla mengine hayajapelekwa kwa wakusanyaji. Kioo hicho ni tambarare, hakina rangi, na kikiwekwa juu ya mchoro uliokunjamana huunyoosha vizuri wakati wa kuupiga picha kwa simu.